Kiti cha Wajina

Jumanne, tarehe 9 Juni. Mawingu mazito, manyunyu tangu alfajiri, baridi ya kuuma vidole.

Ndivyo Mama Pasi alivyoandika kwenye daftari lake asubuhi hiyo, amekaa ukingoni mwa kitanda, miguu yake ndani ya beseni la maji ya chumvi. Mwalimu wa masomo ya jioni aliwaambia kwamba mtu anayejifunza kuandika ukubwani aanze na anachokijua: leo ni lini, na nje kukoje. Wenzake darasani waliandika wiki mbili wakachoka. Yeye sasa alikuwa kwenye daftari la tatu.

Akalifunga, akafumba macho, akaomba dua ile ile ya miaka miwili: "Ee Mungu, nipe kazi ya kukaa." Lakini amina ilichelewa kutoka. Kazi ya kukaa ilikuwa imeshapatikana, na aliyeikalia alikuwa mtu mwingine.

Alikuwa dobi katika hospitali kubwa, mwaka wa kumi na moja mbele ya pasi ya mvuke, wima tangu asubuhi mpaka saa kumi. Jioni viatu vilikuwa haviingii, anarudi nyumbani kavikanyaga visigino kama kandambili. Na katika chumba kile cha kufulia walikuwamo wanawake wawili wenye jina moja: jina lao, la baba na la babu, yote sawasawa, kana kwamba wazee wao walikaa kikao. Hawakuwa ndugu hata wa mbali. Wenzao waliwatenganisha kwa kazi zao. Huyu wa pasi wakamwita Mama Pasi, yule wa mashine za kufulia wakamwita Mama Povu. Wenyewe kwa wenyewe waliitana wajina.

Kila siku baada ya chakula cha mchana walikunja mashuka pamoja, maana shuka la hospitali halikunjwi na mtu mmoja. Huyu ashike ncha huku, yule kule, wavute, wasogeleane, waachane, wasogeleane tena. "Mimi na wewe," Mama Povu alizoea kusema, "tumeshasogeleana kuliko mimi na marehemu mume wangu."

Tatizo lilikuwa ofisini. Huko juu jina lile lilikuwa na faili moja. Mwaka juzi Mama Pasi aliomba likizo, karani akamjibu bila kuinua kichwa, "Mama, likizo yako umeshamaliza." Aliyeimaliza alikuwa Mama Povu. Mama Pasi alieleza, akaelezea tena, mwisho akashuka ngazi akarudi kwenye pasi. Mchovu hana nguvu ya kubishana na kabati.

Alhamisi iliyopita tarishi alisimama mlangoni na barua, akaita lile jina. Mama Pasi alikuwa chumba cha kukaushia. Mama Povu akaitika, na kwa kuwa hajui kusoma akamwomba tarishi amsomee: anahamishiwa chumba cha kushonea, kutia viraka mashuka yaliyochanika. Kazi ya kukaa! Vigelegele vikapigwa. Mama Pasi aliporudi alikuta watu wamekumbatiana. Naye aliomba nafasi hiyo hiyo, kwa barua aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe, barua ya kwanza maishani mwake. Akasema, "Hongera, wajina." Kisha akarudi kati ya mablanketi yaliyolowa, akalia mahali ambapo maji hayaulizwi yametoka wapi.

Usiku ule alimwambia Mungu, bila hasira, kwa uchovu tu, "Dua yangu ilifika, Baba, ila imeshukia mlango wa jirani."

Basi Jumanne hiyo, saa nne, msimamizi wa kitengo cha udobi akamtuma apeleke furushi la mashuka ya kutiwa viraka. Alimkuta Mama Povu amekaa mbele ya cherehani, miguu juu ya kreti ya soda, uso umelainika kama wa mtu aliyetoka kuoga. Barua yake ameibandika ukutani kwa pini, kama picha ya harusi.

"Karibu kwangu, wajina! Pumzika basi."

Mama Pasi hakupumzika. Macho yaliyozoea kusoma hayajui kuacha. Yalisoma barua ile kutoka juu: *Kwa kurejea barua yako ya tarehe 12 Machi.*

Akasimama pale na furushi kifuani. Alilikumbuka daftari, ukurasa wenye doa la chai. Tarehe 12 Machi. Jua kali, vumbi. Leo nimepeleka barua ofisini.

"Wajina," akasema taratibu, "barua yako ya maombi uliipeleka lini?"

"Mimi? Aliniandikia jirani, mjukuu wangu alipozaliwa. Mwisho wa mwezi wa nne. Kwani vipi?"

"Nimeuliza tu."

Hakuna aliyejua ila yeye. Angeweza kutua furushi akaondoka. Aliomba moyoni aambiwe la kufanya, na hakuambiwa kitu. Alichosikia ni kisigino cha kushoto kikidunda. Nyuma yake wanawake wengine walikuwa wanaingia na vikombe vya chai, maana chumba kile kilikuwa na joto, na msimamizi yupo kati yao anapiga chafya.

Mama Pasi akatua furushi. "Hii barua ni yangu," akasema. Akaisoma kwa sauti, neno kwa neno, kidole kikifuata mistari. Kabla ya siku hiyo hakuwahi kusoma mbele ya watu wasio wa darasani. Alipofika kwenye tarehe akaeleza habari ya daftari.

Kisha bibi mmoja wa zamu ya mashine akasema, "Makubwa! Kumbe elimu ya jioni inatoa watu kwenye viti."

"Nyamaza wewe," akasema msimamizi. Akapanda ofisini mwenyewe. Aliporudi chai ilikuwa imepoa. "Barua zote mbili zimo kwenye faili moja. Karani alidhani ni mtu mmoja, msumbufu. Iliyojibiwa ni ya Machi. Ni ya Mama Pasi."

Mama Povu hakubisha. Alishusha miguu kwenye kreti, mmoja, halafu wa pili. Akashika meza, akanyoosha goti moja, akangoja, akanyoosha jingine, akangoja tena kizunguzungu kipite. Mama Pasi alikijua kila kituo cha safari ile. "Kaa, wajina," akasema Mama Povu. "Haki yako. Mimi sikuiba, Mungu anajua."

"Najua, wajina."

Akakaa. Loo! Kiti kilimpokea kama maji ya chumvi. Alitia uzi kwenye sindano, akashona pindo la kwanza, na miguu yake ikawa kama ya mtu mwingine. Lakini mlango ulikuwa wazi, na ng'ambo ya mlango Mama Povu, aliyepangiwa pasi sasa, alikuwa anajaribu kukunja shuka peke yake. Amebana ncha kwa kidevu, amenyoosha mikono yote miwili, na shuka linaburuzika sakafuni. Alilianza upya mara tatu.

Mama Pasi akaangua kicheko kidogo, cha watu waliochoka, kinachokaribia kilio. Akamwita msimamizi.

"Bwana mkubwa, ofisini sisi ni wangapi?"

"Kwenye faili? Mmoja."

"Basi huyo mmoja anaomba apumzike wiki, asimame wiki. Kushona pindo tunajua wote."

Msimamizi akapangusa pua, akafikiri. "Nani akae wapi ndani ya kitengo cha udobi, hilo napanga mimi, na ofisini nitawaambia hivyo hivyo. Lakini sitaki kesi. Barua ni yako wewe. Wiki yako ikiisha ukigoma kuinuka, nitakuinua kwa sheria gani?"

"Atagoma," akasema yule bibi wa mashine, akiwa ameegemea mlango. "Kiti hicho kina gundi. Nani aliwahi kukiachia?"

Wengine wakacheka. Mama Povu hakucheka. Alikuwa amesimama na shuka lake begani, anamtazama wajina wake kama mtu anayeogopa kutumaini.

Mama Pasi alijua wanasema kweli. Alikuwa amekaa hata saa mbili hazijatimia, na mwili wake wote ulikuwa unamsihi asifungue kinywa. Akaweka sindano chini.

"Sikieni nyote," akasema, "na Mungu asikie kwa jina lolote atakaloniitia. Jumatatu ijayo, asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, nitainuka hapa mwenyewe na wajina wangu atakaa. Na mkinikuta nimejisahau, nishikeni mikono, mniinue."