Tarehe Chini ya Kopo la Maziwa

Habari hii nilipewa na mdogo wangu, yule mfinyanzi, Jumamosi iliyopita alipokuja kunikata kucha za miguu, maana mimi kuinama siwezi tena. Naiandika taratibu, kama alivyoisema.

Mumewe alipofariki, miaka mitatu sasa, aliacha stoo nyuma ya nyumba yenye makopo arobaini ya unga wa kutengenezea rangi ya vyombo, ile inayopakwa juu ya udongo na kugeuka kioo tanuruni. Aliacha pia ndoo moja ya kijani aliyoikoroga kwa mkono wake. Namna ya kukichanganya kijani kile hakuiandika popote. Kikiisha, kimeisha.

Binti yao anafanya kazi maabara. Tunamwita Mkaguzi, kwa sababu humpi hata soda asiigeuze kutafuta tarehe. Mama yake alipoanza kukohoa aliomba likizo, akaja na barakoa, glavu na mifuko mizito, akaingia stoo.

"Mama, hili limeisha muda kabla sijaanza shule."

"Liweke chini."

"Na hili. Na hili hapa. Kumbe unaishi na sumu iliyochacha?"

Mdogo wangu akalitwaa kopo, akalisoma, akacheka mpaka akashika mlango. "Mwanangu, hiyo tarehe ni ya maziwa. Haya ni makopo ya maziwa yako. Baba yako aliyaosha akatia unga wake."

Mkaguzi akazitazama rafu, juu mpaka chini. "Nilikunywa yote haya?"

"Na ya jirani."

Lakini hakulegea. Alifunua ile ndoo, harufu ikawatoa wote wawili nje. "Na hii nayo ni maziwa? Hii inaondoka leo."

Mdogo wangu akarudi ndani, akafunika ndoo, akaikalia. Anasema hakutaka ugomvi, miguu ndiyo iliyokaa yenyewe.

Mkaguzi akachutama mbele yake. "Mama, baba aliondoka na kifua. Na wewe ukiondoka na kifua, mimi nitakuwa nimesomea nini?"

 Mdogo wangu akasema kwa upole, "Unga huu ni mawe yaliyosagwa, mama. Mawe hayaozi. Kinachonuka ni gundi aliyotia ili rangi ishike. Ila yapo makopo ya kuogopa kweli. Alinionyesha alama zake, sasa sikumbuki aliziweka wapi."

"Mistari mitatu ya msumari?"

"Umeionea wapi?"

"Chini, pembeni ya tarehe."

Wakageuza yote. Manne yalikuwa na mistari, na moja kati yake mdogo wangu alilikumbuka: la unga mwekundu wa madini ya risasi, wa zamani sana. Hawakufungua hata moja. Waliyafunga mifuko miwili miwili, wakayatia ndoo yenye kifuniko, wakaandika SUMU. Sakafu waliipangusa kwa kitambaa kibichi, vumbi lisiruke. Maji yake hawakuyamwaga mferejini; waliyatia dumu, wakalifunga. Jumanne watu wa manispaa wanaokusanya taka za sumu wakachukua vyote.

Ikabaki ndoo ya kijani. Wakapatana hivi: kipakwe kigae kimoja, kichomwe. Kijani kisipotoka, ndoo iende. Mdogo wangu akavaa barakoa, akachekecha, akatia gundi mpya, akapaka.

Tanuru likawaka, likapoa siku mbili. Alasiri ya kulifungua, mdogo wangu alisimama akitazama ukuta. Mkaguzi ndiye aliyetia mkono.

"Mama, geuka."

Kijani kilikuwa kile kile, na ukingo mweusi mwembamba kama marehemu alivyokuwa akiutoa. Mdogo wangu akakipokea kigae. Mkaguzi akakiinamisha kidogo mkononi mwa mama yake, akachungulia chini yake.

"Unatafuta nini?"

"Tarehe."

Wakacheka mpaka machozi, na baadhi ya machozi hayakuwa ya kicheko.

Mdogo wangu akajilaza mkekani, kigae kifuani. Alipoamka jua lilikuwa bado dirishani, na Mkaguzi amelala kando yake, barakoa kidevuni, kalamu mkononi. Kila kopo lilikuwa na lebo. Kwenye ndoo alikuwa ameandika: *Kijani cha Baba. Vyungu vya maua tu, si vya chakula.*

Mama mtu akaichomoa kalamu polepole, akamfunika shuka, akajisogeza karibu, naye akalala tena.