Kochi Nililolifumua Kiangazi

Kochi la Mama nililifumua mwenyewe. Sikutumwa na mtu. Ilikuwa kiangazi, jua linawaka mpaka ndani ya mifupa, na mimi nilikuwa juu, juu kweli, naona kila kitu duniani kinanisubiri mimi nikirekebishe. Nikalivua kitambaa, nikang'oa sponji, nikakata mikanda, nikasimama katikati ya sebule nikimweleza Mama jinsi kochi lake litakavyokuwa la kifalme. Mama akaniambia, "Mwanangu, mimi nilitaka mkono mmoja tu ushonwe." Sikumsikia. Nilikuwa na mambo makubwa kuliko mkono mmoja.

Mimi ni fundi wa makochi, na kazi yangu naijua. Naijua hata nikiwa mgonjwa, na hapo ndipo penye balaa, maana asiyejua kazi hawezi kulifumua kochi vizuri namna ile. Ugonjwa wenyewe daktari wangu anauita baipola. Nyumbani kwetu unaitwa "ile hali". Ile hali ikirudi. Kabla ya ile hali. Utadhani ni mgeni wa heshima. Kiangazi hunipandisha, na kipupwe, mawingu yakitanda na asubuhi ikafanana na jioni, hunishusha na kunisahau huko huko chini. Daktari anasema si kila mwenye ugonjwa huu anafuata majira. Mimi nafuata.

Kiangazi kile kiliishia hospitalini. Nilirudi nimetulia, nikaanza kupata nafuu, na kabla sijashika shazia, ile sindano ndefu ya kushonea makochi, mawingu yakaingia. Kochi likabaki mifupa mitupu sebuleni. Mama akawa anakaa kwenye kiti cha plastiki bila kulalamika, jambo lililonikera kuliko lalamiko lolote.

Kisha Mama akateleza bafuni, nyonga ikavunjika, akapasuliwa. Sasa alikuwa anarudi nyumbani Jumamosi, na waliomtibu walisema apate kiti cha juu, kigumu kiasi, chenye mikono imara ya kushikilia anapoinuka. Katika nyumba nzima kiti cha namna hiyo kilikuwa kimoja tu, na ndicho nilichokifumua.

"Tumwite fundi mwingine," alisema Dada. Dada yangu mkubwa ni mwalimu wa shule ya msingi, na huongea na watu wazima kana kwamba wameomba ruhusa ya kwenda chooni. "Wewe usijisumbue. Pumzika."

"Nitalimaliza mimi."

"Lini?"

"Kabla ya Jumamosi."

Dada akamtazama mumewe. Shemeji ni dereva wa lori, mtu mpole anayeamini kila kinachoharibika kina spea yake mahali fulani. Akatazama dari. Nilijua wanachofikiri, kwa sababu na mimi nilikuwa nakifikiri. Fundi mwingine akija kushona nilichofumua, basi ndani ya nyumba ile mimi nitakuwa mtu wa kufumua tu mpaka naingia kaburini. Hilo ndilo nililoliogopa. Kochi lilikuwa jambo dogo.

Jumatatu nikakaa mbele ya fremu. Jumanne nikakaa tena. Watu hudhani huzuni ya kipupwe ni kulia. Laiti ningelia, ningejua ninafanya kitu. Ni uzito. Kikombe kizito, mlango mzito, hata jina lako likiitwa ni zito kuliitikia. Nilikuwa naitazama mikanda pale sakafuni, naijua kazi hatua kwa hatua, mikanda kwanza, halafu springi, gunia, sponji, kitambaa, na mkono haunyanyuki.

Na washauri sasa! Jirani akanichungulia dirishani: "Piga moyo konde." Nimeupiga konde miaka yote hii, umebaki kuvimba. Dada akasema nitoke nje nipate jua. Jua lipi? Shemeji naye akasikia mahali kwamba mwanga unatibu, akaleta taa ya kumulikia injini ya lori na kuifunga juu ya kitanda changu. Daktari aliposikia kwenye simu alisema iondolewe mara moja. Kwa mtu mwenye ugonjwa wangu, alisema, mwanga mkali nao ni dawa na una kipimo chake. Unaoweza kuninyanyua unaweza pia kunirusha. Shemeji akaiondoa taa yake kwa masikitiko. Nikaachiwa dozi ile ile, kutembea asubuhi hata kama kuna mawingu, kulala kwa saa, na subira. Subira huvuta heri, tumeambiwa. Hatukuambiwa inaivuta kwa mwendo gani.

Alhamisi niliamka mapema. Sikuamka na furaha, naomba hilo lieleweke. Niliamka nimechoka kulitazama lile kochi, basi. Nikameza dawa, nikatembea hadi kona ya barabara na kurudi, nikapiga magoti mbele ya fremu. Nikajiambia sitangoja mpaka nitake. Nitapigilia mkanda mmoja bila kutaka, halafu wa pili bila kutaka.

Mkanda huvutwa toka upande mmoja wa fremu hadi wa pili mpaka ukaze, ukiugonga kwa kidole ulie. Wa kwanza ulilegea, nikaung'oa. Wa pili ukalia. Nikaanza kuimba puani. Si wimbo, ni mlio wangu wa kazi tangu nikiwa mwanagenzi, hunisaidia kupiga nyundo kwa mwendo mmoja. Dada alipoleta chai nilikuwa nimeshamaliza mikanda na nimeingia kwenye springi. Chai ikapoa palepale alipoiweka.

Akarudi, akasimama mlangoni, na nikaona anachokiona. Mdogo wake kaamka kabla ya watu, anaimba, chai haijaguswa, vifaa vimetapakaa sebule nzima. Dalili za kupanda anazijua kwa kichwa. Alifundishwa na daktari, na mimi mwenyewe nilipokuwa mzima nilimwomba azishike.

"Umeamka saa ngapi?"

"Mapema."

"Ulilala lakini?"

"Nililala."

"Dawa?"

"Nimemeza, Dada."

"Mbona unaimba?"

Sasa swali kama hilo mtu analijibuje? Nikasema sijui, nikaenda kuoga. Nilipotoka, mkasi haupo, shazia haipo, nyundo haipo. Hata misumari ilikuwa imefagiliwa.

"Dada, mkasi uko wapi?"

"Nimeviweka mahali salama. Pumzika kidogo, mdogo wangu."

Nilitaka kupiga kelele mpaka vioo vidondoke. Lakini hasira nayo imo kwenye dalili. Nikipaza sauti, nimejihukumu. Basi nikaimeza, nikaenda kukaa kwenye kiti cha plastiki, mikono mapajani, kimya. Haukupita muda nikamsikia jikoni akimnong'oneza Shemeji: "Umeona? Sasa ameshuka."

Jamani! Nikiimba nimepanda, nikinyamaza nimeshuka, nikicheka wananihesabu meno. Kila mtu katika nyumba ile anaruhusiwa kuamka vibaya. Dada mwenyewe kuna siku hugombana na masufuria tangu asubuhi hadi jioni, na hakuna anayemficha mwiko. Yeye akikasirika ana sababu, mimi nikikasirika nina ugonjwa. Nilikaa pale, siku nzima ikaniharibikia, na fremu mbele yangu ina springi upande mmoja.

Ijumaa asubuhi nikamfuata jikoni. Alikuwa anawasha jiko, akanitazama usoni kwanza kabla ya kunisalimia.

"Kaa, Dada," nikasema. "Nina neno, na nitalisema polepole ili usiogope."

Akakaa, lakini akaniwahi. "Unadhani napenda kukuficha vitu?" Ile sauti ya darasani ilikuwa imemtoka. "Kiangazi kile jirani aliniambia mdogo wako hayuko sawa. Nikamjibu mwache, amefurahi, mtu akifurahi kuna ubaya gani? Nikasema hivyo leo, nikasema hivyo kesho, mpaka siku tuliyokubeba. Nilichelewa. Sichelewi tena."

Hilo sikuwa nalijua. Siku zote nilidhani ananichunga kwa sababu amezoea kuchunga. Hasira yangu haikuisha, ila nilianza kumwonea huruma humo humo, na vitu hivyo viwili kifuani kwa pamoja vinachosha.

"Kiangazi kile," nikamuuliza, "nilikwambia kazi ya kochi ikoje?"

Akafikiri. "Ulisema tamu. Ulisema hujawahi kuonja kitu kitamu kama ile kazi, na kulala ni kwa wavivu."

"Haya, niulize sasa."

"Kazi ikoje?"

"Mbaya. Magoti yananiuma. Sponji inanuka panya. Kitambaa ulichonunua kina rangi ya maji ya kufulia. Usiku nimelala fofofo, na nikirudi kitandani sasa hivi nalala tena. Nataka nimalize hiki kitu nisikione tena maishani. Na wewe, Dada yangu, unanikera mpaka kwenye kucha."

Akakunja uso.

"Kitambaa kina ubaya gani?"

"Kibaya."

"Dukani kilikuwa kimebaki hicho hicho."

"Ndiyo maana kilibaki."

Kicheko kikamponyoka, akakifuta haraka kwa kiganja. Hata hivyo hakuniachia hivi hivi. Alimpigia daktari palepale, sauti ikiwa wazi, na daktari akaniuliza mimi mwenyewe: usingizi, chakula, mawazo yanakimbia au yanatambaa. Yanatambaa, nikamwambia, tena kwa kusukumwa. Akasema nirudishiwe vifaa vyangu, nile, niache kazi jioni ikiingia, na wiki inayofuata nimwone ana kwa ana. Dada akazamisha mkono ndani ya pipa la unga na kutoa mkasi, mweupe mpaka mpini. Shazia ilikuwa kwenye kopo la chumvi. Nyundo alikuwa nayo Shemeji chini ya kiti cha lori. Misumari hakuna aliyekumbuka ilipo, Shemeji akaenda kununua mingine.

Sitasema nilipona. Nilifanya kazi Ijumaa yote huku nachukia kila hatua, mara mbili nikalala sakafuni kando ya kochi kwa sababu kukaa kulinishinda, nikainuka, nikaendelea. Jioni Dada akaja kusimama mlangoni, nikaweka mkasi chini. Jumamosi yeye akaenda kumchukua Mama, mimi nikamalizia mikono ya kochi, Shemeji akinivutia kitambaa. Kuna unga umeshonewa humo mpaka leo. Si kazi yangu nzuri. Lakini lilikuwa kochi, limesimama kwa miguu yake.

Mama aliingia na magongo mawili, amepungua, shingo imekuwa nyembamba. Akalitazama kochi. Akageuka taratibu, akaachia gongo moja, akashika mkono wa kochi, akaachia la pili, akashika mkono mwingine, akajishusha. Akajiweka sawa, akajisogeza huku, akajisogeza kule.

"Upande wa kushoto umezama," akasema.

"Mama!" nikasema. "Hata viatu hujavua! Kochi hili nimelipigilia sitaki hata kufumbua macho, nimefichiwa mkasi kwenye unga, sijui misumari yangu imetupwa wapi, na neno la kwanza unalonipa ni kuzama?"

Sauti ilifika kwa jirani, bila shaka. Dada alikuwa ananitazama macho, anatazama mdomo, anatazama mikono. Shemeji akaiokota nyundo polepole na kuiweka nyuma ya mgongo wake. Nilijua wanapitia dalili zao kichwani. Na baya zaidi, na mimi nilikuwa nimeanza: nimelala? Nimekula? Mbona moyo unaenda mbio?

Mama akatutazama mmoja baada ya mwingine.

"Mnamtolea macho ya nini?" akauliza. "Nimemuudhi. Mtu akiudhiwa hukasirika. Au hapa nyumbani mmeacha?"

Dada akainamisha kichwa na kuanza kumvua Mama viatu.

"Na bado umezama," Mama akaniambia.

Shemeji akanipa nyundo. Nikapiga magoti upande wa kushoto, nimenuna, nikapapasa chini kuutafuta mkanda uliolegea, na hakuna aliyeniuliza kama nimemeza dawa.