Maji ya Vifundoni

Mtunza kanisa aliinama juu ya birika la ubatizo kwa mara ya tano asubuhi ile, kana kwamba maji yangeona haya yakajiongeza. Wapi! Yalikuwa ya vifundoni tu, na saa tatu watu kumi na wawili walitakiwa kuzamishwa mzimamzima.

Mabomba ya mtaa yalikuwa makavu siku ya sita. Jana kina mama waligonga geti, madumu mkononi. Mmoja alibeba mjukuu wa siku nne.

"Dada, huyu nimwogeshe kwa mate?"

Mtunza kanisa akafungua bomba la tangi la kanisa, lile la kujazia birika, akidhani watachota wachache. Ukaja mtaa mzima. Usiku usingizi ukampaa, maana chumba alicholala, nyuma ya kanisa, alipewa pamoja na kazi; akifukuzwa, vyote vinaenda.

Mzee wa kanisa alitangulia kufika, akachungulia birikani.

"We mama! Tunabatiza watu au tunaosha viatu?"

"Niligawia majirani, mzee."

"Hata wasiosali hapa?"

"Sikuwapanga foleni kwa dhehebu."

"Mdomo huo! Hisani ina ratiba yake. Wangengoja Jumatatu."

Mchungaji akaingia, joho begani. Mtunza kanisa akamgeukia; alishafika katikati ya mto, kurudi hakuna.

"Mchungaji, Jumapili iliyopita ulisema mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, kwa hiyo maji na chakula si zawadi yetu kwake, ni haki yake. Mimi nilikuwa nimekaa pale nyuma. Nikasikia."

"Alikuwa anahubiri!" mzee akafoka. "Hakukutuma!"

Nje, wabatizwa walishaanza kuimba. Mchungaji alitundika joho kwenye kiti.

"Nilihubiri," alisema kama anayekiri kosa. "Sikufikiri mahubiri yangefika bombani."

Akavua viatu, akakunja suruali, akashuka majini.

"Watapiga magoti. Nitawalaza mmoja mmoja, kama watoto."

"Na huyu?" Mzee alinyoosha kidole.

"Kikao Jumanne."

Basi. Hakumtazama hata usoni. Jumanne ilikuwa mbali kama mwaka.

Geti likagongwa tena: mlio wa dumu tupu. Wanaume wote wawili wakamgeukia. Tangini hamkuwa na tone, ila chumbani kwake ilibaki ndoo moja ya maji, yake mwenyewe. Akaipitia kwanza, kisha akaelekea getini, ndoo mkono mmoja, funguo mkono mwingine.