Ndiyo Aliyoitoa Mlangoni

Shantelle alipewa ngozi ya Kirra. Akaiweka mapajani, akashindwa kuichoma sindano.

Walikuwa wanawake saba ukumbini, wenyeji wa asili wa Australia, wakishona joho la ngozi za posumu, mnyama mdogo wa manyoya aishiye mitini, kama bibi zao walivyoshona kando ya mto huo huo. Kila ngozi iliwakilisha mtoto wao mmoja aliyechukuliwa na serikali mwaka ule. Zilikuwa kumi na moja. Kesho yake wangelipeleka joho mbele ya kamati kutoka Sydney na kudai sheria ibadilishwe.

"We binti, hiyo ngozi haikuumi," Shangazi Noreen alimtania. "Au unaogopa kuvunja kucha?"

Wakacheka. Shantelle naye akacheka, macho chini. Tangu Kirra achukuliwe hakuweza kumtazama mtu usoni, hasa Bibi Dulcie. Bibi ndiye aliyemlea Shantelle na dada yake, na ndiye aliyekuwa akimlea Kirra, mtoto wa huyo dada, kwa kuwa mama yake alikuwa mjini akisafishwa figo. Bibi mwenyewe alichukuliwa na serikali akiwa na miaka minne. Alirudi ana ishirini, hajui hata kumwamkia mama yake kwa lugha yao.

Wote walisema jirani mzungu ndiye aliyechongea. Shantelle aliwaacha waseme.

Siku moja Bibi na Kirra walikuwa wamekwenda kuvua samaki. Mama mmoja wa ofisi ya ustawi wa watoto akasimama mlangoni na faili lake. Shantelle akafanya alivyofunzwa tangu utotoni: mtu wa serikali akikuuliza, inamisha macho, mkubalie, ataondoka upesi.

"Bibi yako huwa anachoka?"

"Ndiyo."

"Kirra hulala nyumba nyingine pia?"

"Ndiyo." Alilala kwa shangazi zake, kama watoto wote wa pale, lakini hilo hakuulizwa.

"Kuna siku chakula hakitoshi?"

"Ndiyo." Hiyo haikuwa kweli hata kidogo. Alisema tu kwa kuwa yule mama alikuwa bado amesimama.

Wiki mbili baadaye gari likaja kumchukua Kirra.

"Bibi," Shantelle alisema sasa, ngozi bado mapajani. "Si jirani. Ni mimi."

Mikono yote ikasimama.

"Wewe umefanya nini?" aliuliza Noreen.

"Niliulizwa mlangoni. Kila kitu nikasema ndiyo. Hata chakula."

"Chakula? Kwa Dulcie? Nyumba ambayo hata mbwa wamenenepa hawawezi kubweka?"

Safari hii hakuna aliyecheka. Bibi Dulcie aliendelea kushona mpaka uzi ukaisha, akaukata kwa meno.

"Nani alikufundisha kuwajibu hivyo?"

Shantelle aliinamisha macho.

"Mimi," Bibi akasema. "Kule walikotuweka, aliyesema hapana alifungiwa chumbani. Nikakurithisha hiyo." Akamsogezea uzi. "Lakini miezi mitatu umekula mezani kwangu umenyamaza. Hilo sikukufundisha. Shona. Na kesho utasema wewe."

"Nitaona aibu, Bibi."

"Ione. Kisha useme."

Kesho yake Bibi alikaa mstari wa mbele na joho mabegani. Ngozi ya Kirra ilikuwa upande wa kushoto, imeshonwa vibaya, mishono mirefu kwa mifupi.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mzee mpole mwenye miwani. "Yule afisa alikueleza majibu yako yangetumika kwa nini, sivyo, binti?"

Ndiyo ilikuwa tayari imefika kwenye ulimi. Shantelle aliitazama ile mishono.

"Hapana."

"Samahani?"

"Hapana. Hakunieleza." Uso ulimwaka moto, watu wote wakimtazama. "Nilidanganya kuhusu chakula. Nilitaka aondoke. Msije tena kutuuliza tukiwa peke yetu. Shangazi awepo, akae kando yetu, asikie swali."

Nyuma yake Noreen aliguna kumuunga mkono. Mwenyekiti aliandika kwa muda mrefu, kisha akainua kichwa.

"Asante. Basi umemaliza?"

Alitamani mno kuketi.

"Hapana," alisema. "Kirra bado hajarudi."