Upepo wa Asubuhi Karema

Maximilian aliporudi kutoka Uholanzi, alikokwenda kusomea mambo ya maji, watu wa Mpanda walitegemea kuona redio kubwa, labda na pikipiki. Behewa la mizigo kutoka Kaliua lilipofunguliwa, wapagazi walishusha kitu kirefu kuliko kitanda, kimefungwa maturubai, na mmoja wao akavua kofia akidhani ndani yake kuna maiti. Kumbe ulikuwa ubao. Ubao mweupe wa plastiki, pamoja na mlingoti wake na tanga la rangi ya chungwa. Mtu anasimama juu yake, anashika tanga kwa mikono miwili, upepo unampeleka. Hauna injini, hauna kasia, hauna hata mahali pa kuweka samaki.

"Sasa utakwenda nao wapi?" Romana, mkewe, alimwuliza.

"Popote penye maji na upepo."

Kuipata hiyo popote haikuwa kazi ndogo. Kwa kuwa Romana alizaliwa Mpimbwe, katika kijiji cha Mamba, walianza na Ziwa Rukwa. Mzee Felisiani, baba yake Romana, aliutazama ubao, akaitazama miguu mitupu ya mkwewe, akasema kwamba kama ni kuwalisha mamba, wangeweza kuwapelekea mbuzi. Maximilian alicheka. Kisha akaona kwa macho yake mgongo wa kiboko ukitokeza pale pale alipotaka kuingilia, akaufunga ubao juu ya gari. Wakajaribu Ikola, kwenye Ziwa Tanganyika. Huko upepo ulikuwa mzuri na maji meupe, lakini mawimbi yalikuwa yakivunjikia kwenye mawe, na Maximilian alirudi nyumbani na goti lililochunika mpaka kwenye mfupa.

Mwisho wakapata Karema. Kusini ya misheni palikuwa na ghuba ndogo yenye mchanga mtupu, kina chake kinashuka polepole, na rasi ya mawe inaikinga na mawimbi ya kusi. Mchana, upepo ulikuwa ukitoka ziwani na kuja taratibu mpaka ufukweni. Ukianguka, unasukumwa kurudi kwenu.

Hapo ndipo Romana naye alipojifunza. Mwanzoni alijifunza kwa hasira, maana alichoka kukaa mchangani akilinda viatu vya mumewe. Baadaye akapenda. Hakuwa na nguvu za kushindana na tanga kama Maximilian, kwa hiyo alijifunza kulisikiliza, likitaka kwenda analiachia kidogo, likilegea analivuta. Kuogelea alijua kwa kadiri ya mtu aliyejifunzia mtoni, kutoka ukingo huu mpaka ule, kichwa kikiwa juu.

Ilikuwa Agosti, mwaka wa sabini na nane. Maximilian alikuwa ametumwa Karema kukagua pampu ya kijiji, na kazi ilipokwisha walilala kwa jamaa. Walitakiwa kurudi Mpanda mchana wa Jumamosi, hivyo wakashuka ghubani asubuhi, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya.

Ziwa lilikuwa limetulia kama shuka lililonyooshwa. Upepo ulikuwepo, tena wa kutosha, lakini ulikuwa ukishuka kutoka kwenye vilima nyuma yao.

"Huu unatoka nchi kavu," Romana alisema.

"Upepo ni upepo. Tazama maji yalivyo laini. Leo hata ukitaka kuanguka huanguki." Maximilian alikuwa amejifunzia kwenye ziwa la Uholanzi ambalo mtu akipeperushwa anafika ng'ambo, anakunywa kahawa, anarudi kwa baiskeli. "Nenda mpaka pale kwenye jiwe la mwisho la rasi, halafu geuza."

Jaketi la kuelea lilibaki mchangani. Lilikuwa la Maximilian na lilimkaba Romana shingo, na maji pale yalikuwa ya kiunoni. Alivaa kaptura ya mumewe na blauzi kuukuu. Akapanda, akavuta kamba, tanga likainuka likimwaga maji, na ubao ukaondoka.

Hakuwahi kwenda kasi namna ile. Maji yalipita chini ya miguu yake bila kelele, na kwa muda mfupi alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wa Karema. Jiwe la mwisho likaja, likapita. Alipotaka kugeuza, upepo uliokuwa mpole ghubani ulimkamata nje ya rasi kwa mkono mwingine kabisa. Tanga likamponyoka. Akaanguka chali.

Alipopanda tena, jiwe lilikuwa limerudi nyuma. Akavuta tanga, akajaribu kuelekeza ubao nchi kavu, akaanguka. Kila alipoanguka alipanda, na kila alipopanda ufuko ulikuwa umesogea mbali zaidi. Akamwona Maximilian akikimbia mchangani, akipunga mikono, akisema kitu kisichofika. Alijaribu mpaka vidole vikakataa kufunga kwenye kamba. Alipogeuka tena, Maximilian alikuwa mdogo kama kidole, kisha hakuonekana. Lilibaki paa la kanisa.

Huko nje mawimbi yalikuwa yameanza. Romana alilala kifudifudi juu ya ubao, tanga likiburuta majini, akaukumbatia kwa mikono na mapaja. Jambo moja alilishika. Maximilian alikuwa amemwambia mara nyingi kwamba ubao hauzami, anayezama ni anayeuacha. Akili ilimwambia aogelee, kwamba paa la kanisa lilikuwa karibu kuliko lilivyoonekana. Akaikatalia. Akasali Salamu Maria, akapotea katikati, akaanza upya. Mwili ulitetemeka hadi meno yakagongana. Mbele yake, upande wa machweo, milima ya Zaire ilikuwa ya buluu na haikuwa na haraka.

Jua lilikuwa limepanda sana aliposikia injini.

Ulikuwa mtumbwi mrefu wa mbao, umejaa marobota yaliyofunikwa kwa majani makavu, na ndani yake wanaume wawili. Ulipita, ukapunguza mwendo, ukazunguka.

"Wewe mama, uko hai?"

"Niko hai."

Aliyeuliza alisogea mbele, na Romana akamjua. Alikuwa Pontien, Mrundi wa makazi ya Katumba, aliyekuwa akiuza vipande vya sabuni sokoni Mpanda siku zile ambazo sabuni madukani ilikuwa hadithi. Pontien naye alimjua. Alitaka kugeuza uso, lakini alishachelewa.

"Ni mke wa bwana maji," alimwambia mwenzake.

Mwenzake alikuwa mtu mnene aliyeshika injini. Alimtazama Romana, akatazama ziwa kushoto na kulia, akamtazama tena. Romana akaelewa hali yake bila kuelezwa. Marobota yale yalikuwa vitenge vya Zaire. Bila shaka usiku walishindwa kuyashusha kwa sababu mgambo walikuwa ufukweni, na sasa walikuwa wakiyarudisha. Mkimbizi wa Katumba aliyekamatwa ziwani bila kibali, tena na magendo, angepoteza zaidi ya mzigo.

"Nirudisheni Karema," alisema.

"Karema hatuwezi, dada. Panda, tutakufikisha Moba. Kule kuna misheni, watakusaidia."

"Ametuona, Pontien," yule mnene alisema kwa Kiswahili, kana kwamba alitaka Romana asikie. "Akifika nchi kavu atasema."

"Hatasema, Telesfori."

"Umemwoa wewe?"

Injini ilikuwa ikinguruma taratibu. Mtumbwi na ubao viligongana kidogo, vikaachana. Telesfori alikuwa na kasia magotini, na mkono wake ulikuwa juu ya kasia. Labda aliliweka tu hapo. Romana hakuweza kuuondolea macho ule mkono.

"Sikuwaona," alisema. Sauti yake mwenyewe ilimshangaza, ilikuwa kavu na tulivu. "Niliona mtumbwi. Watu sikuwaona."

Pontien alinyoosha mkono. "Panda basi, mama. Hapa utakufa."

Romana aliutazama ule mkono. Ndani ya mtumbwi palikuwa pakavu. Lakini aliwaza kushuka Moba na kaptura, bila karatasi yoyote, pamoja na wanaume wawili waliokuwa na sababu ya kumtaka asirudi. Alimwamini Pontien. Mkono ule mwingine juu ya kasia hakuuamini. Halafu akawaza mchana wa ghubani, zile Jumamosi zote alizokaa akilinda viatu. Kila mara, jua likishavuka utosi, upepo wa ziwani ulikuwa ukija na kumrushia mchanga usoni. Haukuwahi kukosa hata mara moja. Je, leo? Hakujua. Lakini kati ya watu hawa na upepo ule, upepo ndio alioufahamu zaidi.

"Nipeni maji ya kunywa," alisema. "Nitabaki."

"Umerukwa na akili."

"Nipeni maji."

Pontien alimpa kopo. Alikunywa lote. Kisha Pontien akachomoa kitenge kipya kutoka kwenye robota, akamrushia, na Telesfori akafoka kwa Kirundi. Neno la mwisho Romana alilielewa, kwa kuwa hata Mpimbwe angelielewa: "Tugende," yaani twende. Injini ikapaza sauti. Pontien aliendelea kumtazama mpaka mtumbwi ukawa mstari.

Hapo ndipo alipolia. Alijifunga kitenge mabegani, akalia kwa sauti, kwani hapakuwa na wa kumsikia.

Upepo wa nchi kavu ulilegea, ukafa. Ziwa likawa zito, joto likashuka juu yake, na kimya kile kilimtisha kuliko mawimbi. Alingoja. Alihesabu makosa ya mumewe, akamaliza, akaanza kuhesabu ya kwake. Midomo ilipasuka. Alikuwa ameshaanza kuamini kwamba alichagua vibaya, na kwamba Pontien angekuwa mtu wa mwisho kumwona, pale mikunjo midogo ilipotokea juu ya maji upande wa Zaire, ikamjia, ikampita. Shavu lake la kushoto likapoa.

Alijifunga kitenge kiunoni kwa mafundo mawili, akasimama. Miguu ilikataa. Akapiga magoti, akavuta kamba kwa mwili mzima, tanga likatoka nusu, likamrudisha majini. Alipanda tena. Safari hii hakulivuta kwa pupa. Aliliacha limwage maji yake kwanza, kama alivyozoea ghubani, kisha akaliinua, akalishika, akaegemea nyuma. Ubao ukaanza kwenda.

Upepo ulipozidi, mawimbi nayo yalizidi, yakamfuata kwa nyuma na kumsukuma. Alianguka mara nyingi, na kila alipoinuka alitafuta vilima kwanza, kuhakikisha viko mbele. Vilikua. Vikawa na miti. Miti ikawa na majani. Paa la kanisa lilikuwa mbali sana upande wa kulia, lakini hakuthubutu kugeuza tena. Alikwenda tu alikopelekwa, mpaka ubao ukagonga mchanga kwenye kambi ya wavuvi kaskazini ya Karema, na wanawake waliokuwa wakianika dagaa wakakimbia, wakaacha dagaa wao.

Waliorudi walikuwa mgambo. Kamanda wao, Gaspar, kijana mwenye bunduki kuukuu na sauti ya upole, alimkalisha kwenye kibanda cha kijiji, akaamuru apewe uji. Alingoja amalize. Kisha akashika pindo la kitenge.

"Hiki ni kipya. Hata lebo ya kiwanda ipo. Cha wapi, ndugu?"

"Nilipewa ziwani."

"Na nani?"

"Na watu wa mtumbwi."

"Watu gani? Usiku tulikuwa tukingoja mtumbwi hapa. Mtumbwi wenye vitenge."

Uji ulikuwa umemrudisha Romana duniani, na duniani palikuwa na hofu zake. Alijua kwamba jina moja tu lingemtoa kibandani. Angelitamka, angepewa gari hadi Karema. Alimfikiria Telesfori na kasia lake, na hakuona sababu ya kumlinda. Lakini haikuwezekana kumtaja mmoja na kumwacha mwingine.

"Nilikuwa nakufa, ndugu kamanda. Walinipa maji, sikuwauliza majina."

"Kwa nini hawakukuleta?"

"Walikuwa na safari yao."

"Mtu anakuja kutoka Zaire amesimama juu ya ubao, amevaa magendo, halafu anataka nimwamini."

"Sikutoka Zaire. Nimetoka Mpanda."

Gaspar akamwuliza tena, kwa maneno mengine, na tena. Romana alijibu vile vile kila mara, mpaka nje kukawa na kelele na mtu akaingia bila kubisha.

Alikuwa Maximilian. Asubuhi alikuwa amezunguka Karema nzima akiomba mtumbwi, na wenye mitumbwi walikuwa wamekatazwa na mgambo kutoka kwa sababu ya msako ule ule wa magendo. Walipopata ruhusa hawakumwona mtu ziwani. Tangu hapo alikuwa akitembea ufukweni kwa miguu, akipekua matete, na alichokuwa akikitafuta kwenye matete hakikuwa mtu aliye hai. Nyayo zake zilikuwa zikitoka damu. Alimwona mkewe, akaketi chini pale pale mlangoni.

"Nilikuambia ugeuze pale kwenye jiwe," alisema. Sauti ilikuwa imekauka yote.

"Uliniambia upepo ni upepo."

Gaspar alitazama nje. Maximilian alifunika uso kwa viganja, mabega yakaanza kutikisika, na Romana akaondoka kwenye kigoda, akaketi chini kando yake. Hakumshika mara moja. Baadaye alimshika.

Kamanda aliwaachia jioni ile ile. Kitenge alikichukua.

Pontien alionekana tena sokoni Mpanda baada ya mvua za kwanza. Romana alinunua sabuni, akauliza kama ni ya kufulia au ya kuogea, akaambiwa ni ya kufulia, akaondoka.

Maximilian alitaka kuutoa ubao kwa misheni wautumie kama rafu ya vitabu. Romana alikataa, wakagombana wiki kadhaa. Walirudi Karema Oktoba, mchana, upepo ukitoka ziwani. Maximilian alimfunga jaketi la kuelea mwenyewe, akakaza kamba zake, akazikagua, akazikaza tena. Alipoambiwa aanze yeye, alisema goti linamwuma.

Basi Romana akapanda. Maximilian aliingia majini mpaka magotini, akasimama hapo, akamwita arudi, arudi sasa, yatosha. Wakati huo Romana alikuwa bado karibu, karibu kiasi cha Maximilian kuyaona meno yake akicheka.