Dawa ya Kufunga Vilango

"Mama, niachie mkono. Baba anakufa."

"Naona. Na hiyo dawa ya maabara umeichukua kwa ruhusa ya nani?"

Binti yangu akanieleza upya, pale pale wodini: damu ikikatika kwenda kichwani, ubongo unajaa asidi, vilango vya seli vinafunguka, kalsiamu inamiminika ndani na seli inakufa. Dawa yake huvifunga vilango hivyo.

"Seli zako za kwenye kisahani cha maabara ulizipa dawa kabla ya asidi au baada?"

Alitazama bomba la sindano mkononi mwake.

"Kabla."

"Baba yako kaanguka kwa kiharusi juzi. Asidi ilishajaa."

"Labda bado kuna—"

"Mtu hadungwi labda, mwanangu."

Nilimnyang'anya bomba, nikaimwaga dawa kwenye sinki. Kisha tukamgeuza mume wangu ubavu wa pili, asipate vidonda vya kulala.