Herufi Iliyokwenda Kunywa Maji

Siku wazazi walipokuja kuona masomo, mwalimu wa baiolojia hakumwogopa mkuu wa shule wala mkaguzi. Aliyemtia hofu ni mama mkwe wake, aliyejialika mwenyewe na kukaa kiti cha mbele kabisa, mkoba magotini.

Wanafunzi walijipanga mstari, kila mmoja na kadi ya herufi kifuani: A, U, G au C. Pembeni walisimama watano wenye vitambaa vya rangi.

"Ndani ya kila seli mna maagizo ya kutengeneza protini," mwalimu alianza. "Herufi zake ni nne tu, na husomwa tatu tatu. Kila tatu huita kipande kimoja, na vipande hushikana mikono mpaka zifike tatu zinazosema: simama!"

Msomaji, kijana waliyemwita Mlingoti kwa urefu wake, akapita mbele ya mstari. "A, U, G!" Akatoka mwenye kitambaa chekundu. "G, U, C!" Akatoka wa kijani, ambaye zamu yake ilikuwa ya mwisho. Mwalimu akakunja uso.

"U, A, A!"

"Simama!" darasa likaitikia.

Protini ya watu watano ikaishia kwa wawili. Watatu waliobaki wakakodoa macho.

"C wa kwanza yuko wapi?" mwalimu akauliza.

"Kasuku kaenda kunywa maji, mwalimu!" wakajibu, wakimtaja mwenzao kwa jina la utani.

Ukumbi ukaangua kicheko. Mwalimu akatamani ardhi ipasuke. Na hapo ndipo mama mkwe aliponyoosha mkono.

"Mwanangu, kaondoka mmoja tu. Mbona wote wameharibika?"

"Kwa sababu msomaji hajui nani hayupo, mama. Yeye huhesabu tatu tatu. Akikosekana mmoja, wa nyuma husogea, na tatu zote zinazofuata hubadilika. Mwilini pia hutokea hivyo."

"Na kama C angekuja amevaa A?"

"Ingeguswa tatu yake peke yake. Pengine hata madhara yasionekane."

"Kumbe afadhali aliyekosea kuliko aliyetoroka!" Mama mkwe akainuka. "Nipeni kadi nyingine ya C."

Akajibana kati ya G na U, mkoba kwapani. Mlingoti akaanza upya, na safari hii watano wote wakashikana mikono, wazazi wakipiga makofi. Kasuku aliporudi, maji yakimchuruzika kidevuni, alimkuta mgeni mahali pake.

"Bibi, hapo ni pangu."

"Palikuwa pako, mjukuu wangu."

Wakati wa chai mama mkwe alikuwa bado ameivaa kadi yake, akiwaeleza wazazi wengine somo zima kama aliyelitunga yeye. Kisha akamgeukia mkwewe.

"Hebu niambie. Mume wako kutoosha hata kikombe, ni herufi gani iliyopotea?"

"Hiyo si herufi, mama. Ni malezi."

Ilimtoka kabla hajafikiri. Mama mkwe akamkazia macho, kisha akacheka hadi chai ikamwagika kwenye kisahani.